Nusu Milimita ya Fundi Saa

Fundi saa alikuwa na ufa ukutani, na ufa huo ndio uliomletea mgeni. Msicheke. Wako watu huletewa wageni na harusi, wengine na msiba. Yeye aliletewa na ufa, naye akaushukuru.

Ulikuwa ufa mkongwe, juu ya mlango wa kutoka sebuleni kwenda jikoni, ukipanda kwa mshazari hadi darini. Marehemu mke wake alikuwa akiuficha kwa kalenda. Kila mwaka kalenda mpya, msumari ule ule. "Huu ufa utakuja kutumeza," mke alikuwa akisema, naye hujibu, "Ukitumeza si tutakuwa wote?" Basi, miaka minne iliyopita mke akatangulia peke yake, tena kwa homa ya mapafu, ufa wa watu haukuhusika. Kalenda ikabaki imening'inia kwenye mwezi ule ule, mpaka watu wa reli walipokuja wakaomba ruhusa ya kuiondoa.

Watu wa reli walikuwa wakichimba mahandaki mawili chini ya mji, moja la treni za kwenda, jingine la kurudi, ili watu wa pembezoni wafike kazini bila kumalizia umri wao barabarani. Mashine yenyewe ilikuwa ndefu kama mtaa. Ilikula udongo mita ishirini na tano chini ya miguu ya watu, na nyuma yake ikaacha bomba kubwa la zege. Wafanyakazi walimpa jina: Fuko. Na kwa kuwa Fuko angepita chini ya nyumba kumi na mbili za mtaa ule, kila nyumba yenye ufa ilibandikwa kipimo. Vipande viwili vya plastiki angavu, kimoja upande huu wa ufa na kingine upande ule, vimepandana. Kimoja kina miraba midogo ya milimita, kingine kina msalaba mwekundu. Ufa ukifunguka, msalaba unasogea juu ya miraba. Hakuna uchawi hapo, hata mtoto anaweza kusoma.

Aliyetumwa kusoma alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mabuti yamejaa tope, kofia ngumu kwapani, simu ya upepo kiunoni ikikoroma. Kila Jumanne, saa tatu asubuhi kamili, alibisha.

"Hodi humu!"

"Karibu, mwanangu, karibu."

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Umeamkaje?"

Akavua mabuti mlangoni hata alipoambiwa asisumbuke. Akapanda kwenye stuli, akamulika tochi, akasoma, akaandika kwenye karatasi, akatia saini. Dakika tano. Lakini fundi saa alikuwa amekwisha kumimina chai vikombe viwili, na chai iliyokwisha kumiminwa haikataliwi. Dakika tano zikawa nusu saa.

Ngoja niseme jambo ambalo yeye mwenyewe hakuwahi kulisema: alikuwa mpweke. Si mpweke wa kuvumilia, mpweke wa kuumwa. Duka lake alilifunga miaka miwili nyuma, magoti yamegoma na wateja wameisha. Nani siku hizi ana saa, kila mtu si anatazama simu? Binti yake wa pekee anaishi nchi ya mbali, hupiga Jumapili. "Baba, umekula? Dawa umekunywa?" "Nimekula, nimekunywa." "Haya baba, baadaye." Ukiweka yai jikoni wanapoanza kuongea, wanamaliza halijaiva. Wiki nzima iliyobaki, maneno ya fundi saa yalikuwa mawili, "Nipe mkate", na aliyeyasikia ni mwenye duka la pembeni.

Sasa hapo Jumanne anakuja mtu anayekaa, anayepuliza chai, anayesema, "Baba, jana mkuu wangu kanifokea mbele ya watu, nikatamani ardhi ipasuke, halafu nikakumbuka ikipasuka mimi ndiye nitakayeandika ripoti." Wakacheka mpaka kikombe kikamwagika. Alipogundua mzee ni fundi saa, wiki iliyofuata akamletea saa ya mkono ya marehemu baba yake, imekufa miaka sita. "Usihangaike nayo sana," alimwambia. "Ikishindikana, basi."

Haikushindikana. Ilikuwa na uchafu tu na springi iliyochoka, na springi kama hiyo fundi saa alikuwa nazo kopo zima. Jioni ile ile ilikuwa inatembea. Lakini Jumanne iliyofuata alipoulizwa, alijisikia akisema, "Bado, mwanangu. Kuna kipuri nakisubiri." Uongo wa kwanza huo, mdogo kama kiroboto, na hakuna aliyeumia.

Kisha, siku moja dukani, akasikia watu wakiongea. "Fuko yuko karibu kufika kwetu. Wiki tatu hivi. Akishapita, na wale wapimaji wanahama naye."

Fundi saa akalipia mkate, akarudi nyumbani, hakuula.

Kuuliza si ujinga, wahenga walimaliza kazi yao zamani. Angemuuliza tu binti wa watu, "Hivi, Fuko akipita, utaendelea kuja?" Sekunde tatu hazifiki. Lakini mtu mzima anaulizaje swali kama hilo? Angeonekana anaomba. Na yeye tangu ujana wake hakuwahi kuomba, hata chumvi kwa jirani. Mke ndiye aliyekuwa akiomba chumvi. Mke ndiye aliyekuwa akijua majina ya watoto wa watu. Alipokwenda, milango yote ya mtaa ilikwenda naye.

Jumapili, binti yake alipokata simu, fundi saa alitoa kijisanduku chake cha kazi. Akavaa lenzi ya jichoni. Akachukua kibano, wembe mpya, chupa ya spiriti na gundi. Akaburuta stuli hadi chini ya ufa, akapanda, magoti yakilalamika. Akalainisha gundi ya kipande chenye msalaba, tone kwa tone, akakibandua bila kukiacha na mkwaruzo, akakisogeza nusu milimita, akakibandika upya. Dakika arobaini. Mikono ile kwa miaka hamsini ilikuwa ikirekebisha vitu vinavyosema uongo. Siku hiyo ilichukua kitu kinachosema kweli, ikakifundisha kudanganya.

Jumanne mpimaji akapanda kwenye stuli, akamulika, akasoma. Akasoma tena.

"Baba, umesogea. Jumanne iliyopita nusu milimita, leo moja kamili."

"Ati?"

"Usiogope. Tunaita hali ya njano. Ila itabidi nije kila siku."

"Kila siku?"

"Kila siku, saa tatu. Nitakuchosha."

Jamani, angalia dhambi ilivyo tamu. Siku tisa mfululizo mwanamke yule alikuja, na siku tisa fundi saa alinyoa ndevu. Alinunua sukari. Alifagia hadi chini ya kabati. Walizungumza habari za baba yake marehemu, aliyekuwa dereva wa lori na hakuwahi kuchelewa popote. Walizungumza kwa nini udongo wa mtaa huu ni laini na wa mtaa wa pili ni mgumu. Siku ya saba mpimaji aliingia na homa ya mafua, fundi saa akamchemshia tangawizi, akamsimamia mpaka akamaliza kikombe, kama baba. Usiku alilala bila kuwasha redio.

Siku ya tisa, Alhamisi, mpimaji alishuka kwenye stuli akitabasamu. "Habari njema. Umetulia kabisa. Ukikaa hivi hadi Jumapili, nakupunguzia usumbufu, tunarudi Jumanne kwa Jumanne."

"Alhamdulillahi," alisema fundi saa, na moyo ukamshuka hadi kwenye kandambili.

Ijumaa jioni akapanda tena kwenye stuli. Nusu milimita nyingine. Alidhani anaikoleza njano. Hakujua kwamba baada ya njano kuna nyekundu, maana hilo nalo hakuuliza.

Jumamosi saa tatu mpimaji alisoma kipimo na rangi ikamtoka usoni. Hakusema "baba". Alichomoa simu ya upepo. "Simamisheni. Narudia, simamisheni Fuko. Nyumba namba saba, milimita moja na nusu." Kwa siku mbili sakafu ya mtaa mzima ilikuwa ikinguruma kwa mbali, ngurumo ya kusikika na nyayo kuliko masikio. Ikanyamaza. Ukimya ule fundi saa aliusikia mpaka kwenye meno.

"Baba, toka nje. Chukua dawa zako tu."

"Mwanangu, subiri kwanza..."

"Toka, baba! Fuko yuko chini ya nyumba ya jirani yako."

Kufika saa sita, nyumba zote kumi na mbili zilikuwa tupu. Watu walibeba magodoro, masufuria, kuku. Jirani wa ukuta kwa ukuta, Mama Pacha, alitembea na mtoto mmoja mgongoni na mwingine begani, wote wakilia kwa zamu. Wakapelekwa kwenye ukumbi wa shule iliyo karibu. Na kule ukumbini, ndugu zangu, ndiko lilikompata fundi saa jambo alilokuwa hajalipata miaka minne.

Walimpokea. Si nyumba yake ndiyo iliyopasuka? "Pole, mzee wetu." "Mpisheni mzee kiti." "Mzee, umekula?" Na aliyeuliza hakuwa na simu ya kukata, alikuwa amesimama pale na sahani. Mtu akamfunika miguu kwa shuka. Mwenye duka la pembeni, ambaye miaka yote alisikia habari za mkate tu, alikaa karibu naye akamsimulia habari za ndoa yake, zote, na za mama mkwe. Mama Pacha akamtupia mtoto mmoja mapajani. "Nishikie huyu, babu, mikono imekufa." Mtoto akamtazama fundi saa, akamshika kidole, akalala.

Fundi saa alikaa bila kutikisika. Alikuwa na furaha. Nalisema bila kupaka rangi: nyumba kumi na mbili zilikuwa hazina watu kwa uongo wake, na yeye alikuwa na furaha, na alitamani ukuta ule usitulie kamwe.

Saa tisa mhandisi mkuu akaingia ukumbini, shati limeloa jasho. Akaeleza wazi, maana watu walitaka kujua watarudi lini. "Sitawaficha. Fuko hakuumbiwa kusimama. Akitembea, anaubana udongo mbele yake. Akisimama muda mrefu kwenye udongo laini kama huu, udongo ulio juu yake unaanza kulegea. Ikiwa ule ukuta unasogea kweli, sina njia, nitamsimamisha na kuanza kusindilia saruji chini ya nyumba zenu, na mtalala hapa wiki mbili. Ikiwa hausogei, basi kila saa anayosimama, sisi wenyewe ndio tunaozibomoa. Nyumba ya kwanza itakuwa ya mama huyu," akamwonyesha Mama Pacha. "Mpimaji wangu yuko ndani, anasoma kila nusu saa. Saa kumi na moja nitaamua."

"Yuko ndani?" fundi saa aliuliza. "Peke yake?"

"Alijitolea. Anasema anaujua ule ukuta."

Mtoto alikuwa bado amemshika kidole. Fundi saa alikitoa kidole polepole, kama anavyotoa mshale wa dakika kwenye uso wa saa. Alijua akisimama tu, kiti kile hatakikalia tena. Hakuna ambaye angemzuia kukaa. Wiki mbili! Wiki mbili za "mzee wetu" na shuka miguuni. Akamtazama Mama Pacha, aliyekuwa akikunja nguo za watoto juu ya godoro, akizipanga kana kwamba sakafu ya ukumbi ni kabati lake. Akajikaza kisabuni, akamrudishia mtoto, akatoka.

Askari wa kulinda mtaa alimkatalia. Fundi saa akasema, "Mimi ndiye ukuta," na askari, akidhani mzee kachanganyikiwa kwa mshtuko, alimkimbilia kumrudisha, lakini mpimaji akawa amemwona kupitia dirishani.

"Baba! Unafanya nini hapa? Ondoka!"

"Nimekuja kuchukua wembe wangu," alisema. Akaingia, akachukua kijisanduku chake cha kazi, akapanda kwenye stuli, na mpimaji akabaki mdomo wazi huku mzee akitia tone la spiriti, la pili, la tatu, kisha kubandua kipande chenye msalaba na kumwonyesha kwa tochi yake mwenyewe: ukutani kulikuwa na alama tatu za gundi, moja juu ya nyingine, kila moja imeachana na mwenzake kwa nusu milimita.

Mpimaji akazihesabu kwa kidole.

"Nani?"

"Mimi."

"Kwa nini, baba?"

Muungwana akivuliwa nguo huchutama. Fundi saa alishuka kwenye stuli, akaketi juu yake, akasema akiitazama sakafu. "Nilisikia Fuko akipita mnahama naye. Nikaona utaacha kuja."

Nje askari alikohoa. Mpimaji akazima tochi.

"Nani alikwambia tunahama?" Sauti ya mpimaji ilikuwa ndogo. "Baba, Fuko akipita tunapima mwaka mmoja na nusu. Kila Jumanne. Ratiba ninayo kwenye mkoba tangu siku ya kwanza. Mtaa huu wote ni wangu. Mwaka mmoja na nusu, baba! Mbona hukuniuliza?"

Fundi saa aliinuka. Alitia mkono mfukoni, akatoa saa ya marehemu dereva wa lori. Ilikuwa inatembea, na ilikuwa sawa kwa sekunde. "Na hii nayo ilipona siku ile ile uliponiletea."

Mpimaji akaipokea. Akaivaa. Bizimu la mkanda likamshinda, fundi saa akanyoosha mkono kumsaidia, na mpimaji akauvuta wake nyuma. Akainua simu ya upepo. "Mkuu, ukuta namba saba haujasogea. Kipimo kiliguswa. Nitaandika taarifa. Ndiyo, saini ni zangu zote. Ndiyo, najua." Akavaa mabuti yake mlangoni, kamba zote mbili, bila haraka, akaondoka bila kuaga.

Saa kumi na moja sakafu ikaanza kunguruma tena. Kufika magharibi watu walikuwa wakirudi na magodoro yao, na kwa kuwa habari haina miguu lakini huwahi kufika, kila mtu alikuwa anajua. Hawakumpiga, hawakumtukana. Walimpa jina tu: Mzee Nusu Milimita. Wenye utani walimuuliza njiani, "Mzee, leo umesogea?" na wasio na utani walipita upande wa pili. Mama Pacha aliendelea kumwamkia, maana shikamoo hainyimwi mtu, lakini alimwamkia huku akitazama viatu vya watoto.

Ofisi ilimwandikia barua ya onyo na ikabadilisha vipimo katika nyumba zote kumi na mbili. Sasa ukutani kulikuwa na kidude kidogo kama kiberiti, kinachojipima chenyewe na kutuma majibu hewani. Kila robo saa kilimulika kijani. Hakihitaji mtu. Hakinywi chai.

Mwaka mmoja na nusu ukapita hivyo. Jumanne zilikuwa mbaya kuliko siku nyingine. Saa tatu fundi saa alikaa akikitazama kidude, na mara nyingine alijikuta ametoa vikombe viwili, akarudisha kimoja kabatini. Ingekuwa rahisi kwake kukigusa. Hakukigusa hata siku moja, hata kwa kitambaa cha vumbi.

Kisha treni za majaribio zikaanza kupita chini, na Jumanne moja mtu akabisha. Fundi saa aliruka kutoka kitini, magoti yamesahaulika. Aliyebisha alikuwa kijana wa kiume mwenye ngazi na bisibisi.

"Nimekuja kuondoa kidude, mzee. Muda umeisha."

Kazi ya dakika tatu. Fundi saa alisimama karibu na ngazi. Safari hii aliuliza.

"Yule binti aliyekuwa akipima hapa zamani, hajambo?"

"Yule? Hajambo. Walimwingiza ofisini. Anakaa mbele ya kompyuta, anasoma mistari ya vidude vyote hivi."

"Hata hiki?"

"Hata hiki. Mtaa wenu alisema ni wake, hakumwachia mtu. Kila asubuhi saa tatu anaanza na namba saba. Sijui kwa nini, maana mstari wenyewe umenyooka tu kama rula." Akashuka na kidude mkononi, kijani imezimika. "Haya mzee, ukuta wako mzima."

Mlango ukafungwa. Fundi saa alibaki akiutazama ufa. Siku zote zile, kumbe, saa tatu yake na saa tatu ya binti yule zilikuwa moja, na sasa hata hiyo imekwisha, na hakuna mtu popote anayejua kama ndani ya namba saba kuna kitu kinasogea au hakisogei. Alilia. Alilia kwa sauti, mtu mzima, mkono ukutani.

Alipomaliza alinawa uso. Akatoka, akapiga hatua kumi na moja hadi mlango wa pili, akabisha. Alikuwa hajawahi kubisha pale. Mama Pacha akafungua, mwiko mkononi, na nyuma yake pacha wawili, wakubwa sasa, wakimchungulia.

"Shikamoo. Kuna nini, babu? Ukuta tena?"

"Marahaba. Hapana, ukuta hauna neno," alisema fundi saa. "Ni mimi. Nimekuja kuomba kukaa."

Mama Pacha akamtazama, mwiko ukidondosha matone kizingitini. Kisha akasogea pembeni kumpisha.